Chumvi ya Serikali

Kabla sijasema lolote, naomba nisidhaniwe kuwa mimi ni mtu wa kulalamika. Jamhuri yetu ya Mwambakuu haina shida ya maji na haijawahi kuwa nayo. Maji yametuzunguka pande zote nne. Ukiketi barazani kwa Mheshimiwa Waziri unayaona kusini, ukienda uani kwake unayaona kaskazini. Wenzetu wa nchi kubwa huchimba wiki nzima wakitafuta kidogo. Sisi tukichimba kimo cha mtu mmoja tunayakuta yanatungoja. Ni kweli kwamba yana chumvi, lakini kila nchi ina jambo lake, na chumvi ndiyo jambo letu.

Tumeizoea. Wali wetu hatuutii chumvi, hujitia wenyewe jikoni. Sabuni zetu hazitoi povu, na mtoto wa Mwambakuu akisikia neno povu hudhani ni la mawimbi tu. Mgeni akipewa chai hupiga funda moja, hukaa kimya, kisha husema ameshiba, nasi humsifu kwa kutokuwa na tamaa. Na Mheshimiwa Dokta Ngwali, Waziri wa Maji, Bahari na Yaliyomo, kwa miaka kumi na mitano alikuwa akitutangazia redioni kwamba maji ya visima vyetu ndiyo bora duniani. Hatukuwa na sababu ya kumbishia, kwa kuwa hatukuwahi kunywa mengine.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuonja maji. Zamani, kabla Serikali haijaja, kisima kipya hakikutekwa mpaka mwonjaji aitwe, na mwonjaji alikuwa babu yangu. Alipiga mafunda matatu. La kwanza alilitema, la pili alilishika mdomoni mpaka watu wakachoka kusimama, la tatu alilimeza. Kisha alisema neno moja, "maji" au "bahari." Akisema maji, watu wanateka. Akisema bahari, shimo linafukiwa na habishi mtu, hata yule aliyelichimba. Serikali ilipokuja ikaupenda utaratibu huu, kwa sababu vyombo vya kupimia maji huharibika na ulimi hauharibiki. Ikamwajiri babu, akafuata baba, nikafuata mimi, Shaame.

Ulimi wangu ulisajiliwa kwa namba U/003. Ulikatazwa pilipili, chai ya moto na mabishano. Kila Januari niliutoa mbele ya jopo la watu watano, wakauchungulia, wakanong'onezana, jalada likagongwa muhuri. Mwaka mmoja karani mgeni alielekea kuugonga ulimi wenyewe, nikawahi kufunga mdomo. Fomu yangu, Fomu Namba Saba, ilikuwa na visanduku viwili tu, Maji na Bahari, na chini yake mstari wa maoni ambao kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kuugusa.

*

Nina mtoto mmoja, binti, jina lake Raya. Nasema nina kwa sababu bado sijajifunza kusema vingine.

Mwaka ule Raya alikuwa na mimba ya miezi sita. Mumewe alikuwa baharini kwenye meli za kigeni, kwa hiyo alirudi kwetu, kwangu na kwa mama yake, Bi Mwatime. Miguu ikaanza kumvimba. Pete ikagoma kutoka kidoleni. Kichwa kikamuuma siku tatu mfululizo, na mchana kweupe akawa anaona nyota. Nikampeleka kwa nesi wa zahanati, akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapampu, akaangalia, akapampu tena.

"Chumvi unakula?" nesi akamuuliza.

"Nimeacha tangu mwezi wa tatu. Hata muhogo nauchemsha mtupu."

"Unauchemsha kwa maji gani?"

"Ya kisimani."

Nesi akanigeukia mimi. "Mzee, si wewe ndiye mwonjaji wa Serikali? Unajua unachomnywesha mwanao?"

Nikamweleza kwa upole kwamba kile kisima nilikipitisha mimi mwenyewe, na fomu ipo.

"Basi mnyweshe fomu," akasema. "Huyu ana presha ya mimba. Mtafutie maji matamu, ya mvua, ya chupa, ya popote. Akiendelea na haya ya kisimani atashikwa na kifafa cha mimba, na mimi hapa sina cha kumsaidia. Umenisikia, mzee wangu?"

Nilimsikia. Masika ya mwaka ule, kama ya miaka yote, yalipita bila kuulowesha hata mchirizi wa bati letu. Maji ya chupa zamani yalikuwa yakiletwa na boti kwa wenye fedha zao, lakini yalikuwa yamekatazwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba itawaletea wananchi mashine ya kuyageuza maji ya bahari yawe ya kunywa, na ikaonekana kuwa mwananchi anayenunua chupa wakati mashine iko njiani anaivunja moyo mashine. Boti la mwisho lilirudishwa gatini na shehena yake. Ndiyo maana hakuna mtu Mwambakuu aliyeipenda ile mashine kabla haijafika kama nilivyoipenda mimi.

*

Ikafika ndani ya kontena la buluu, zawadi ya nchi rafiki. Pamoja nayo akarudi Fundi Mize, binti wa muuza mandazi wa sokoni, aliyepelekwa ng'ambo miaka miwili kuisomea. Alirudi na daftari nene na haraka nyingi, kasoro mbili ambazo kwetu mtu husamehewa moja tu.

Nikamwendea siku ya kwanza kabisa, nikamwomba anieleze inafanyaje kazi.

"Mzee Shaame, umewahi kuchuja tui?"

"Mimi nimeoa, Fundi. Tui nalikuta mezani."

Akacheka. "Basi kamtazame Bi Mwatime leo. Nazi unaikuna, unaitia maji, unaikamua kwenye kifumbu. Tui linapita, chicha linabaki. Hapa ni vivyo hivyo. Pampu inayasukuma maji ya bahari kwa nguvu nyingi, yanakutana na utando wenye vitundu vidogo hata chumvi haipenyi. Maji matamu yanatokea huku. Yaliyobaki na chumvi yote yanarudi baharini kwa bomba lile."

"Kwa hiyo chumvi ndiyo chicha."

"Chumvi ndiyo chicha. Umefahamu upesi kuliko Wizara nzima."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nikamwambia Raya avumilie siku nne tu. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu kainyoosha mbele, akanitazama kwa yale macho yake makubwa, akasema, "Siku nne si kitu, baba."

*

Siku ya kuonja walialikwa watu sitini. Fundi Mize akafungua koki, maji yakatoka, Waziri akaletewa glasi. Akanywa. Akasimama vile vile na glasi mdomoni kwa muda, kisha akamgeukia Katibu wake, Bwana Faki.

"Haya maji yana nini?"

"Hayana kitu, Mheshimiwa," akajibu Fundi Mize kwa furaha.

"Naona hayana kitu. Ndiyo nauliza."

"Ndivyo yanavyotakiwa, Mheshimiwa. Chumvi imetoka."

"Imetoka yote?"

"Karibu yote."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Fundi Mize akafungua daftari lake kutafuta. Glasi ikazunguka. Bwana Faki akasema ni kama kunywa kivuli. Mama mmoja wa kamati akasema yamempita kooni bila kupiga hodi. Mbunge wetu akayanywa mara mbili, akatikisa kichwa, akasema hayamkumbushi mtu yeyote. Kila aliyeonja alimtazama kwanza Waziri, kisha akakunja uso kwa kipimo kile kile alichokunja Waziri. Ndipo ikaja zamu yangu.

Funda la kwanza nililitema kwa uchungu. La pili nikalishika mdomoni, na ndugu zangu, ulimi wangu ulinyamaza. Miaka thelathini na moja haukuwahi kukosa la kuniambia, mara magadi, mara kutu, mara chumvi ya upande wa kaskazini, na siku ile ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Yalikuwa maji. Niliyajua kuwa ni maji kama ninavyolijua jina langu. Nikamwona Raya akiyanywa, nikaiona miguu yake ikirudi kuwa ile niliyomnunulia viatu. Machozi yakanilengalenga, nikameza la tatu.

Bwana Faki akanipa fomu. Mheshimiwa alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Nilichotakiwa kufanya ni kutia alama kwenye kisanduku cha kwanza, basi. Nikaishusha kalamu mpaka pale, mkono ukaniteleza, ukapita, ukaenda hadi kwenye mstari wa maoni. Nikaandika: Hayana ladha ya nyumbani.

Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Nilidhani mkubwa angefurahi, watu wangekula pilau, na kesho yake mashine ingeendelea na kazi yake kama kawaida. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee, na siku ile niligundua kuwa kalamu nayo haina. Mheshimiwa alinikumbatia mbele ya watu, na kabla jua halijapinda nilikuwa Mwonjaji Mkuu wa Taifa.

*

Wiki ile ile ukaitishwa mkutano uwanjani. Nitaiandika hotuba kama ilivyo, maana ilichapishwa na kila nyumba ikapewa nakala.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu wamezoea kusema kwamba hatuna maji. Leo tunayo, na tumeyakataa! Tumeyakataa kwa sababu maji yasiyo na ladha ya nyumbani hayamjui anayeyanywa. Baba yako aliionja chumvi hii. Bibi yako aliionja chumvi hii. Wewe ni nani uishi bila hiyo? Mashine imefanya kazi yake ya kuondoa. Sasa ni zamu ya Serikali kufanya kazi yake ya kurudisha! Na hili silisemi mimi. Limeandikwa na mtaalamu wetu mwenyewe, mwenye ulimi wa kuzaliwa nao!"

Watu wakageuka kunitazama. Nikainua mkono kidogo, kama anayeitwa jina darasani.

Lile bomba lililokuwa likirudisha chumvi baharini likakatwa, likaungwa kwenye bomba la maji matamu, na pale pa kuungia pakawekwa koki kubwa ya shaba iliyoitwa Koki ya Uzalendo. Fundi Mize alijaribu kusema.

"Mheshimiwa, tunaitoa chumvi kwa gharama yote hii, pampu inaunguruma kutwa, halafu tunairudisha?"

"Fundi," akasema Waziri kwa subira, "zamani chumvi ilikuwa inaingia yenyewe, bila kibali. Kuanzia leo itaingia kwa kibali."

Niliyeizungusha koki ni mimi. Nilionja, nikazungusha, nikaonja tena, nikazungusha tena, mpaka yakawa sawasawa na maji ya kisima cha nyumbani kwangu, nikasema, "Hapo." Vigelegele vikapigwa. Bi Mwatime hakupiga. Alisimama pembeni kamshika Raya kiuno, na nilipowaendea wote wawili walinitazama kama vile nimevaa nguo ya mtu mwingine.

"Baba," akasema Raya, "ndiyo mashine yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe, mwanangu."

"Mbona maji ni yale yale?"

Nikamwambia kwamba haya yamepimwa.

*

Kesho yake Fundi Mize akaniita nyuma ya kontena. Palikuwa na kikoki kidogo cha plastiki, hata hakikupakwa rangi, ambacho alikitumia kupimia kazi ya mashine.

"Hiki kiko kabla ya uzalendo," akasema. "Nimesikia hali ya Raya. Kesho ukija kuonja, njoo na galoni."

"Fundi, kuna kanuni. Maji yasiyokolezwa ni kosa kuwa nayo."

"Mzee Shaame, mimi na Raya tumesoma darasa moja. Tumegawana muhogo mmoja miaka saba. Njoo na galoni."

Nikaenda na galoni. Sitaki kujisifu, nililifunika kwa kanga ya Bi Mwatime na kila nilipokutana na mtu nilimwamkia mimi kwanza. Raya alikunywa glasi ya kwanza akiwa amefumba macho, akasema, "Kumbe kiu ndiyo hii iliyokuwa ikinisumbua." Bi Mwatime hakuonja hata tone. Nilimwekea kikombe, akakirudisha ndani ya galoni, akasema ni ya mtoto na mtoto wa mtoto.

Siku kumi na moja. Siku ya tano uvimbe ulipungua. Siku ya nane pete ilitoka kidoleni kwa sabuni kidogo, wakaicheka yeye na mama yake mpaka nikawasikia kutoka nje. Nesi alipampu kile kitambaa mara moja tu, akatabasamu, akanipiga begani. Nimekuwa mtumishi wa Serikali miaka mingi na nimepewa shahada nne za pongezi, lakini katika umri wangu wote sikuwahi kuwa na furaha kama ya siku zile kumi na moja.

Kilichotuponza ni nguo za mtoto. Raya alikuwa amezishona mwenyewe, ndogo ndogo, akaona haya kumvika mwanawe nguo zilizokakamaa kwa chumvi kama zetu. Akachukua kitako kilichobaki cha galoni la jana yake, akachukua sabuni, akafua. Na sabuni ikatoa povu. Likajaa beseni, likamwagika uani, likapita chini ya mlango, likatoka njiani jeupe, likimetameta. Watu wa Mwambakuu hawakuwahi kuona kitu kile nchi kavu. Walikuja kulitazama, wakaligusa, wakalipuliza, bibi kizee mmoja akajipaka mkononi na kucheka. Siri ya mtungi huijua kata, lakini siri ya povu huijua mtaa mzima.

*

Alasiri ile ile Mheshimiwa Waziri alikuwa kwenye ua wangu. Alikuja na Bwana Faki, na kikosi cha askari, na bwana mmoja mnene nisiyemjua. Wakalikuta galoni la siku ile, limebaki nusu. Raya alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado imelowa.

"Mzee Shaame," akasema Waziri, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "watu wana maneno. Wanasema maji haya hayakukolezwa. Mimi siamini, hii ni nyumba ya Mwonjaji Mkuu wa Taifa. Onja utuambie. Ukisema yana ladha, yana ladha, tutanywa kahawa tuondoke. Neno lako ndiyo sheria."

Na ilikuwa kweli. Hapakuwa na chombo kingine nchini. Ningesema yana ladha, hakuna jaji ambaye angeweza kusema hayana.

"Huyu bwana," akaongeza Bwana Faki akimwonyesha yule mnene, "ni U/004. Amekuja kujifunza tu."

U/004 alinisalimia kwa heshima. Alikuwa akijilamba midomo.

Raya alinitazama. Hakuniomba kwa macho, hilo ningelikumbuka. Alinisubiri tu, kama alivyokuwa akinisubiri utotoni nimalize kumfunga kamba za viatu, hana wasiwasi kwamba nitamaliza. Nikapiga la kwanza, nikalitema. Nikalishika la pili. Nikameza la tatu.

"Hayana ladha," nikasema.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilimwogopa Waziri, ndiyo. Nilimwogopa yule bwana mnene na ulimi wake mpya. Lakini sidhani kama ni hofu peke yake. Nilikuwa nimezoea kuulizwa na mkubwa na kumpa jibu analolitaka, basi mdomo ukajibu kabla mimi sijafika. Siku ya kusema kweli nilisema uongo, na siku ya kusema uongo nikasema kweli, tena kwa sauti.

"Mnaona!" Mheshimiwa akawaambia waliokuwepo. "Huyu ndiye mtumishi wa umma. Hata nyumbani kwake hapendelei." Akanipa mkono.

Wakalimwaga galoni pale pale uani. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua. Lakini Raya alichuchumaa kwa shida na tumbo lake, akaweka kiganja pale mchangani palipolowa, akakiacha hapo mpaka pakakauka.

Kikoki cha plastiki kilizibwa kwa sementi. Fundi Mize alihamishiwa Idara ya Theluji, ambako yupo hadi leo, peke yake ofisini, akisubiri ianguke.

*

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Raya alikuwa akimenya muhogo. Akasema, "Baba, mbona kuna mwanga mwingi hivi?" Kisu kikamwanguka, kisha akaanguka mwenyewe, na mwili ukaanza kutikisika. Mimi na Bi Mwatime na majirani tulimbeba mpaka zahanati. Nesi alifanya yote aliyokuwa nayo, nayo yalikuwa machache kama alivyoniambia. Mtoto alikuwa wa kiume. Alimtangulia mama yake kwa muda wa kupika wali.

Nesi hakunilaumu. Nilimngoja anilaumu, akanipita, akaenda kunawa mikono.

Walipoletwa nyumbani kuoshwa, waoshaji waliweka ndoo tatu za maji ya bomba, na majani ya mkunazi, na kafuri. Bi Mwatime akasimama mlangoni akatanua mikono.

"Mwanangu haoshwi kwa maji haya," akasema. "Yamemuua. Hayatamgusa tena."

Wakambembeleza. Wakamwambia maiti hasubirishwi. Hakutoka pale mlangoni. Bwana Faki, aliyekuwa ameleta rambirambi za Wizara katika bahasha, alisikia yote, akaondoka, na baada ya nusu saa alirudi na gari limejaa maboksi. Alisimama barazani akasoma barua. Ilisema Mheshimiwa ameguswa sana na msiba wa mtumishi wake mwaminifu. Ilisema, kwa kuwa marehemu hatayanywa, Wizara haioni kwamba kanuni yoyote itakuwa imevunjwa.

Yalikuwa maji ya chupa. Maboksi kumi na nane, kutoka stoo ya nyumbani kwa Mheshimiwa. Mengine yalikuwa na vumbi la miaka minne. Moja lilikuwa limeshafunguliwa, zimepungua chupa tatu, na juu yake dereva alikuwa amesahau karatasi ya daktari wa ng'ambo inayomkataza mwenye nyumba chumvi ya aina yoyote. Nikaisoma mara mbili. Basi siku ile ya kuonja, glasi ikiwa mdomoni, Mheshimiwa naye aliyajua kuwa ni maji.

Waoshaji wakaingia, pazia likashushwa. Mimi nilikaa nje yake, kwenye kigoda, kazi yangu ikawa kufungua vizibo. Mkono wa mwanamke ulikuwa ukitokeza chini ya pazia, sauti ikasema "maji," nami nikaweka chupa iliyofunguliwa kwenye ule mkono. Vilikuwa vizibo vigumu, kidole gumba kikachubuka. Nilisikia maji yakimwagwa polepole, tena na tena, mengi, mengi kuliko aliyowahi kupewa akiwa hai. Nilisikia sabuni. Mmoja wao akasema, "Tazama povu," wenzake wakamnyamazisha.

Katikati ya kazi Bi Mwatime akatoka. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani. Mkononi alikuwa na chupa yenye maji kidogo chini, akakaa karibu nami, akaitazama, akainywa. Akayashika mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Tangu azaliwe, miaka hamsini na sita, alikuwa hajawahi kunywa maji matamu.

"Ndivyo yalivyo haya?" akaniuliza.

"Ndivyo yalivyo."

"Na ile siku ya kwanza, mbele ya wale watu, unashika kalamu. Uliyaonja hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Ukajua ni maji."

"Nikajua, Mwatime."

Hakunipigia kelele, na mimi nilitamani anipigie. Alikaa kidogo akiangalia vizibo vilivyotapakaa miguuni pangu. Kisha akanyanyuka, akalivuta boksi kutoka mbele yangu, akaliingiza ndani ya pazia. Zilizobaki alizifungua mwenyewe.